Matambara ya Kufutia Mashine

Elinipa aliletwa Kigoma kwa barua ya uhamisho ya mistari mitatu, mwaka tisini na mbili, akitokea Tanga. Mumewe, Jonathan, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Usangi, milimani Upareni, na aliposomewa barua ile alisema hawezi kuacha darasa na kahawa yake kwa ajili ya mji ulio mwisho wa reli. Hawakugombana. Elinipa alifunga godoro kwa kamba, akachukua sanduku moja, akapanda treni peke yake, watoto wawili wakabaki kwa baba yao.

Alikuwa afisa ugavi wa reli ya serikali. Kazi hiyo yeye mwenyewe aliieleza kwa maneno machache: kuilisha reli. Kila kitu ambacho treni inakula au kunywa kilipita mkononi mwake. Dizeli ya vichwa vya treni na ya meli, oili, grisi, mafuta ya taa, mchanga wa kumwaga relini magurudumu yasiteleze, sabuni ya mafundi, misumari ya mataruma, na matambara ya kufutia mashine. Behewa la tangi likifika kutoka Dar es Salaam, hakumtuma karani. Alijifunga kanga kiunoni, akapanda ngazi ya chuma mwenyewe, akachovya fimbo ya kupimia mpaka chini, akaiinua, akaisoma, kisha akainusa. Dizeli iliyotiwa maji aliijua kabla haijamwagwa kwenye chupa. Kwa fimbo hiyo alikwisha kuwaondoa kazini watu watatu waliozoea kuuza mafuta njiani, na tangu hapo mafundi wakawa wanamwita Mama Fimbo, wakidhani hajui.

Nyumba aliyopewa ilikuwa ya reli, vyumba viwili kwenye kilima juu ya stesheni, ziwa lote liko chini ya dirisha. Hakulipenda ziwa. Siku za jua milima ya Kongo ilionekana ng'ambo, ya buluu, na mwanzoni aliifananisha na ya kwao. Likizo alipata mara moja kwa mwaka. Kila Desemba mama mkwe wake alimtumia ndani ya bahasha uzi wenye mafundo mawili, fundo moja likionyesha kiuno cha Sia, binti yake, na jingine urefu wake, ili amshonee sare ya shule. Kwa njia hiyo Elinipa alijua mtoto anakua.

Wakimbizi hawakuwa kitu kigeni Kigoma. Warundi walikuwa wakija tangu mwaka tisini na tatu, na mji ulikwisha kuwazoea. Lakini mwishoni mwa mwaka tisini na sita vita iliingia miji ya ng'ambo ya ziwa, na mitumbwi iliyokuwa ikibeba dagaa ikaanza kubeba watu. Waliteremka Kibirizi, katikati ya vichanja vya samaki na wachukuzi, wakahesabiwa, wakaletwa kukaa kando ya reli na vifurushi vyao, wakingoja treni ya kuwapeleka kambini. Treni moja kwa wiki zikawa mbili, mbili zikawa nne. Dizeli ya mwezi ikawa inakwisha kwa siku kumi na mbili. Elinipa alipiga simu Dar es Salaam mpaka sauti ikamkauka, akaomba mabehewa, akajibiwa yako njiani. Alijifunza kugawa: lita hizi za treni ya wakimbizi, hizi za treni ya abiria, hizi za meli, na zilizobaki hazimtoshi mtu yeyote.

Katikati ya shida hiyo kubwa, matambara yalikuwa shida ndogo. Kiwanda kilichokuwa kikileta mabaki ya pamba kilikuwa kimefungwa, na stoo ilibaki na robota moja, kisha nusu. Asubuhi moja Dismasi aliingia ofisini. Alikuwa fundi mkuu wa karakana, Muha wa Simbo, mtu mfupi, mwenye sauti ya chini kama anayeongea kanisani.

“Mwakeye, mama,” alimwamkia kwa Kiha.

“Mwakeye, Dismasi. Kuna nini?”

“Vijana wanafuta nozeli za injini kwa magazeti. Karatasi inaacha uchafu, unaingia kwenye mfumo wa mafuta. Kile kichwa kilichozimika juzi njiani, sababu yake ni hiyo.”

“Nipe wiki moja.”

“Wiki moja ni treni nne, mama.”

Ndipo alipomwita Kassimu. Mzee Kassimu alikuwa mfanyabiashara wa Ujiji, mwenye duka la mabati, chumvi na mafuta ya taa, mtu wa kanzu safi na maneno mapole, ambaye hakuwahi kumletea kitu kilichopungua. Elinipa alimwuliza kama anaweza kupata matambara. Baada ya siku tatu mkokoteni ulifika getini na robota moja la mfano, limefungwa vizuri kwa kamba ya katani.

Elinipa alilifungua mwenyewe. Ndani mlikuwa na vipande vya ukubwa wa viganja viwili, vimefuliwa, vimekaushwa juani, vinanukia sabuni. Vitenge, kanga, shati, suruali, vyote vimekatwa sawasawa. Alichukua kimoja akakisugua kiganjani, akakidondoshea dizeli, akaangalia jinsi kinavyonyonya. Kilinyonya vizuri. Ilikuwa pamba tupu. Rangi zilikuwa za kila namna, lakini hakuziangalia.

“Unavipata wapi, mzee?”

“Nguo kuukuu tu, mama. Wageni wanauza. Zilizochanika hazina mnunuzi, mimi nazichukua kwa kilo.”

“Unaweza kuleta mengine?”

“Mpaka useme basi.”

Akanunua marobota sita, kisha kumi. Vichwa viliacha kuzimika. Dismasi alikuja kushukuru, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, na kwa mara ya kwanza katika miezi mingi Elinipa alilala akijiona mtu anayeiweza kazi yake.

Ilikuwa mwezi wa tatu, saa nne asubuhi. Treni ya kambini ilikuwa imepangwa, mabehewa yamejaa nusu, watu wengine wamekaa kwenye kokoto wakisubiri majina yao yasomwe. Fundi mmoja alikuwa akifuta mipira ya breki kati ya kichwa na behewa la kwanza. Alipomaliza alilitupa tambara chini. Mwanamke aliyekuwa karibu, mwenye mtoto mchanga mgongoni, aliinuka, akaliokota, akalikunjua. Fundi alimwambia aliache, litamchafua. Hakuliacha. Fundi alijaribu kulichukua, akashindwa, akaenda kumwita Dismasi, na Dismasi akaona heri ampeleke kwa mwenye mali.

“Mama, huyu amekataa kuachia tambara,” Dismasi alisema mlangoni. “Anasema ni lake.”

Mwanamke alisimama mbele ya meza. Alikuwa na miaka thelathini hivi, mwembamba, miguu mitupu. Aliitwa Eufrasia, mtu wa ng'ambo, wa vijiji vya kusini mwa Uvira, na Kiswahili chake kilikuwa cha kule.

“Si yangu,” alisema. “Ni robe ya mutoto wangu. Ni mimi nilishona.”

Elinipa alikitazama kile kipande. Kilikuwa kimelowa oili, cheusi karibu chote. “Vitambaa vinafanana, mama. Kitenge kimoja wanavaa watu elfu.”

“Kitambaa kinafanana. Uzi haufanane.”

Alikilaza mezani juu ya karatasi, akaonyesha kwa ukucha. Elinipa alimwaga petroli kidogo kwenye pamba, akafuta mahali pale. Weusi ulitoka, chini yake ukatokea upindo wa gauni la mtoto, umeshonwa kwa mkono, mishono midogo midogo ya subira. Nusu ya upindo ilikuwa ya uzi mweupe. Kisha uzi mweupe ulikoma na kijani ikaendelea.

“Nyeupe ilinimalizikia,” Eufrasia alisema. “Duka lilikuwa limefungwa, juu ya vita. Nikamalizia na ya kijani. Yeye akakasirika. Akasema wenzake watamucheka.”

“Anaitwa nani?”

“Rozalia. Ana miaka saba. Alipanda mutumbwi na dada yangu, mimi nikapanda ingine na huyu mudogo. Mwezi wa kwanza. Walitutenganisha pale pale kando ya maji.” Kisha uso wake ukafunguka kwa namna ambayo Elinipa alishindwa kuitazama. “Basi walifika. Kama nguo iko hapa, mutoto iko hapa.”

Dismasi alikuwa akitazama sakafu. Elinipa alimwona, lakini hakumwuliza kitu.

Alichukua funguo, wakaenda stoo wote watatu. Walifungua robota moja, wakafungua la pili. Eufrasia alichambua haraka, kama mtu anayechagua mchele, na katika robota la pili alipata mfuko wa lile gauni, safi, haujaguswa na oili, umezungushiwa uzi wa kijani. Huko nje treni ilipiga honi. Elinipa alikwenda mwenyewe kwa msimamizi wa orodha, akaomba jina la Eufrasia lisogezwe mpaka treni inayofuata, akasema atakaa kwake na yeye ndiye dhamana. Jioni alimpikia wali na dagaa. Eufrasia alikula vizuri. Alifua vile vipande viwili kwa sabuni ya unga, akavianika kwenye kamba uani, akawa anatoka kila mara kuvigusa kama vimekauka.

Kesho yake Elinipa alikwenda Ujiji.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, binti yangu. Karibu ndani, jua kali.”

“Sitakaa. Nimekuja kuuliza juu ya matambara. Nataka kujua kila robota limetoka wapi.”

Mzee Kassimu aliweka chini kipima chumvi. “Mengi yametoka Kibirizi. Watu wanateremka na njaa, wanauza nguo wapate unga na samaki. Wanawake wa Buzebazeba wanazikusanya, wanafua, wanakata, wananiletea. Yupo mmoja anaitwa Mwanne, huyo ndiye mkubwa wao. Kuna ubaya?”

“Hukuniambia hayo yote.”

“Mama, uliniuliza ninavipata wapi, nikakwambia wageni wanauza. Zaidi ya hapo hukuuliza.”

Alisema bila ukali.

Nyumba ya Mwanne ilikuwa Buzebazeba, yenye ua mpana, kamba zimevutwa kutoka ukuta hadi ukuta, nguo zimeanikwa juu, nyingine zimelowekwa kwenye madumu yaliyokatwa. Mwanne mwenyewe alikuwa amekaa mkekani na mkasi mkubwa wa fundi cherehani. Alikuwa mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Ujiji, mwenye uso usioharakisha. Elinipa alimwamkia, akamweleza habari ya gauni la mtoto, uzi mweupe, uzi wa kijani. Alieleza huku bado anatumaini. Alikuwa amejipangia njiani kwamba dada yake Eufrasia ameliuza lile gauni apate unga, na kwamba mtu aliyelinunua atakumbuka walikoelekea.

Mwanne aliacha kukata.

“Za kununuliwa nazijua,” alisema, “na za ziwani nazijua.”

“Za ziwani ni zipi?”

“Mwezi wa kwanza mitumbwi miwili ilipinduka, kule nje ya rasi. Upepo ulikuwa mbaya wiki ile. Siku tatu ziwa lilikuwa linaleta watu. Wengine walitupwa karibu na vichanja vya dagaa. Wanaume wakaosha wanaume, sisi tukaosha wanawake na watoto. Sanda tulichanga. Nguo zao tulizifua, tukaziweka kwenye ua pale karibu na mwalo wa mitumbwi wiki mbili, labda atapita mtu azitambue. Hakupita mtu. Wenye watu wao walikuwa wamekwisha kupandishwa treni.” Aliutazama mkasi. “Mvua ikaanza kuziozesha. Nikamwendea shehe, nikamwuliza nizifanyeje. Akasema nguo hazizikwi, wape maskini. Nikajiuliza maskini gani atavaa hizi. Ndiyo nikazitia kwenye marobota. Sikujua zinakwenda kufanya kazi gani.”

“Na huyu wa uzi wa kijani?”

Mwanne aliinua kiganja, akakishikilia hewani kwa urefu wa mtoto. “Nilimwosha mimi,” alisema. “Alikuwa hana meno mawili ya mbele, ya juu.”

Elinipa alikuwa mtu aliyezoea kutoa habari mbaya. Aliwahi kumwambia mtu mzima, mbele ya wenzake, kwamba amefukuzwa kazi. Lakini pale uani alijua hataweza kupanda kilima kile kuelekea nyumbani kwake akiwa na neno hili. Labda Mwanne aliliona usoni mwake, maana aliinuka, akajitanda ushungi, akasema, “Twende. Mimi ndiye niliyemwona. Nitasema mimi.”

Walimkuta Eufrasia amekaa barazani, mtoto ananyonya, vile vipande viwili vimekauka, amevikunja juu ya goti. Alimwona Mwanne, akasimama.

“Mwanao alikuwa na meno ya mbele?” Mwanne aliuliza.

“Ya juu yaling'oka, mbili. Mwezi wa kumi na mbili.” Alijibu haraka, kwa furaha, kama anayesaidia kutafuta. Kisha alitazama uso wa yule mwanamke, akatazama wa Elinipa, akaketi tena.

Hakulia kwa sauti. Alimtoa mtoto titini, akamlaza begani, akampigapiga mgongoni muda mrefu, ingawa mtoto alikuwa kimya. Mwanne aliketi sakafuni karibu yake.

“Mulimuvalisha nini?” Eufrasia aliuliza mwishowe.

“Sanda. Nyeupe, mpya, ilitoka dukani.”

“Alikuwa peke yake?”

“Hapana. Tulimlaza karibu na mtu mzima, mwanamke. Aliletwa na maji siku ile ile. Alikuwa na bangili ya shaba mkono wa kushoto.”

“Ni dada yangu huyo.”

“Hatukujua dini yao,” Mwanne alisema. “Tuliwasomea ya kwetu.”

Eufrasia alitikisa kichwa kukubali. “Muliwasomea,” alisema. “Ni vizuri.”

Alikaa siku nne, kisha alipanda treni ya kambini na mtoto wake. Vile vipande viwili alivichukua. Elinipa alimpa sufuria, blanketi na viatu vyake vya kanisani, akasimama mpaka behewa la mwisho likapita, akarudi ofisini akakuta Dismasi anamngoja na hati ya kuomba matambara.

Hakuisaini. Stoo ilikuwa na marobota saba. Aliwaambia wachukuzi wayatoe, akatandika mikeka kwenye ghala la mizigo, akayamwaga yote, akatangaza kwamba treni ya wakimbizi kabla haijaondoka, mtu yeyote anayetafuta mtu wake aingie atazame. Alidhani anafanya jambo jema, na labda lilikuwa jema. Lakini halikwenda kama alivyotaka.

Kwa wiki tatu watu waliingia kwa mamia. Walitembea kati ya mikeka polepole, wameinama. Waliotambua kitu walikuwa wanne tu. Mzee mmoja alipata kipande cha suruali ya ndugu yake, akaketi nacho mpaka treni ikamwacha. Wanawake wawili waligombania kipande kimoja cha kitenge, kila mmoja akiapa ni cha mama yake, kikachanika mikononi mwao, wakaondoka kila mtu na upande wake. Walio wengi hawakuona kitu, na hao ndio waliomwumiza Elinipa zaidi. Walitoka nyuso zimetulia. “Nguo yake haipo,” kijana mmoja alimwambia, akamshika mkono kumshukuru. “Basi yuko hai.” Elinipa alishindwa kumwambia kwamba marobota tisa yalikuwa yamekwisha kutumika kabla ya hapo, na tambara likichafuka mafundi hulitia kwenye shimo nyuma ya karakana wakalichoma.

Wakati huo huo mafundi walirudi kwenye magazeti. Kichwa kimoja kilikufa, cha pili kikaanza kutoa moshi mweusi. Treni mbili zilisimama. Kando ya reli wakaanza kurundikana watu, mia nane, kisha elfu moja na zaidi, mvua za masika zinawanyeshea, watoto wanaharisha, na siku ya tatu wawili walikufa pale pale kwenye kokoto.

Meneja wa kituo, bwana Leodgar, alimwita. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, macho mekundu, fulana inaonekana chini ya shati.

“Mama Elinipa, nieleze. Mali ya stoo imemwagwa sakafuni, watu wanajichukulia, hakuna hati. Karakana haina matambara. Mimi nina watu elfu nje wanakufa kwa kukosa kichwa kimoja kizima.”

“Ni nguo za watu waliokufa, bwana Leodgar.”

“Nimesikia. Na wale walio nje?”

Elinipa alikuwa amepiga hesabu ile ile mwenyewe tangu alfajiri, na jibu lilikuwa moja. Hakukuwa na robota jingine mjini, na la Dar es Salaam lingechukua wiki.

“Nataka yarudi karakana kabla ya saa nane,” meneja alisema. “Habari ya barua ya onyo tutazungumza baadaye.”

Alirudi ghalani akajifungia. Alichambua marobota yote saba kwa mkono, peke yake, akatenga vilivyokuwa vya watoto. Alivijua kwa upindo, kwa vifungo vidogo, kwa mifuko isiyoweza kuingia mkono wa mtu mzima. Alivipima kwenye mizani ya stoo, vikawa kilo kumi na moja. Kisha alipanda nyumbani, akatoa shuka zake zote, mapazia ya vyumba viwili, vitenge, kanga doti tatu, na kitambaa kipya cha buluu alichokuwa amekinunua kumshonea Sia. Alivikata kwa mkasi wa jikoni mpaka vidole vikatoka malengelenge. Alivipima navyo. Vilipungua robo kilo, akavua gauni alilokuwa amevaa, akavaa la zamani, akalikata nalo, ikatimia.

Dismasi alikuja na mkokoteni saa nane kasoro. Elinipa alisaini hati. Alizoea kusaini bila kusimamisha kalamu, lakini siku hiyo Dismasi aliona ameandika jina lake pole pole, herufi moja moja.

“Niwaambie nini vijana?” aliuliza.

“Waambie wafute nozeli vizuri.”

Kesho yake asubuhi kichwa kiliwaka. Treni iliondoka na watu mia saba na hamsini, na ya pili ikafuata jioni. Vipande vya watoto Elinipa alivitia kwenye gunia, akampelekea Mwanne, na Mwanne akavifukia nje ya uzio wa makaburi, bila kumwuliza shehe.

Barua ilikuja mwezi wa sita. Onyo kali, kwa kutumia mali ya stoo kinyume cha taratibu, na uhamisho kwenda Tabora, chini ya mtu aliyekuwa mdogo kwake kwa cheo na kwa umri. Hakukata rufaa. Mafundi walimchangia kuku wawili na begi la safari. Hakuna aliyetaja matambara, na Dismasi, aliyembebea sanduku mpaka kwenye behewa, alizungumza habari za mihogo ya Simbo tu. Lakini kabla treni haijaondoka alisema, akitazama pembeni, “Mimi nilijua, mama. Siku ile ofisini. Mke wangu alikuwa miongoni mwa walioosha. Nilihitaji matambara.”

“Najua, Dismasi,” Elinipa alisema. Hakujua.

Tabora alifanya kazi miaka sita. Alipima dizeli, alisaini hati, hakufukuza mtu. Reli ilipoanza kupunguza wafanyakazi, jina lake lilikuwa kwenye orodha ya kwanza. Alirudi Usangi akamkuta Jonathan amezoea kuishi bila mke, mpole, mwenye mambo yake, na Sia ni msichana mrefu anayemwamkia kama wanavyoamkiwa wageni. Ilichukua muda. Mengine hayakurudi. Alifungua kibanda kando ya barabara, akauza mafuta ya taa, chumvi na sabuni, na wateja walimpenda kwa kuwa kipimo chake hakikupungua. Akiulizwa habari za Kigoma alisema kuna joto na samaki wazuri. Nguo kuukuu hakuwahi kuzitupa wala kufanyia usafi. Alipangusa meza kwa sifongo la dukani, na watu wa nyumbani waliona ni majivuno ya mtu aliyekaa mjini.

Mwaka elfu mbili na sita alipata barua kutoka Ujiji. Mwanne alikuwa amemwambia mjukuu wake, Ummy, amwandikie. Wakongo walikuwa wanarudishwa kwao kwa meli, ilisema barua, na Eufrasia alikuwa amepita Kigoma njiani na yule mtoto wa mgongoni, sasa mvulana wa miaka kumi. Walikuwa na saa tatu kabla ya kupanda. Alimtafuta Mwanne mpaka akamwona, akaomba apelekwe makaburini.

“Nilimpeleka,” Mwanne aliandikisha. “Lakini mama, nitakwambia kweli. Siku zile tulizika haraka, na mvua za miaka hiyo zimesawazisha udongo. Sikuweza kumwonyesha ni wapi hasa. Nilimwonyesha kwa mkono, kuanzia hapa mpaka pale kwenye michongoma. Hakunilaumu. Alisimama kila hatua mbili akasali sala zake, kisha akasogea, mpaka akafika mwisho wa michongoma. Tulichelewa kidogo, lakini meli ilikuwa bado ipo.”

Elinipa aliisoma barua barazani pa kibanda, akaisoma tena. Mteja alikuja na chupa ya kujaza mafuta ya taa. Akaiweka barua ndani ya mfuko wa gauni, akachukua faneli, akamjazia chupa mpaka shingoni.